Naomba ushauri: njia sahihi ya kufunga moduli za elektroniki kwenye raki ya gari la matangazo

FundiMawimbi (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, heshima kwenu nyote.

Ninahudumia mitambo ya kituo kimoja cha redio kilichopo Kanda ya Ziwa, na miongoni mwa mitambo hiyo limo gari la matangazo ya nje ambalo hutumika kurusha mikutano, mechi za mpira na sherehe za vijijini. Ndani ya gari kuna raki ya upana wa kawaida wa inchi 19, ambayo imebeba fremu mbili za kadi (yaani bao za saketi za kuchomeka) zenye kimo cha uniti 3 kila moja, uniti ikiwa ni kipimo cha kimo cha vifaa vya raki. Kwenye fremu hizo kumechomekwa moduli za amplifaya za maikrofoni, moduli za kugawa sauti na moduli za umeme. Chini kabisa kuna amplifaya moja nzito ya uniti 2 ambayo imeshikiliwa kwa masikio yake ya mbele tu, yaani vibamba vya pembeni vyenye matundu ya skrubu.

Tatizo ni kwamba gari likiwa limeegeshwa kituoni kila chaneli hufanya kazi bila dosari, lakini likishapita kwenye barabara za vumbi kwa saa kadhaa, chaneli moja au mbili hunyamaza au huanza kukwaruza. Nikiibonyeza paneli ya moduli kwa kidole gumba sauti hurudi, na baada ya muda hupotea tena. Moduli nyingi zilifungwa na waliotutangulia kwa skrubu moja badala ya mbili, na zipo ambazo hazina skrubu hata moja, bali zimekaa kwa kushikiliwa na kiunganishi kilichoko nyuma.

Nimeona aina mbalimbali za vifungio: skrubu zenye kola, vifungo vya kuzungusha robo, mipini yenye komeo, na kabari za pembeni zinazotanuka zikikazwa. Ninaomba wenye uzoefu wanieleze ni kifungio gani kinafaa kwa hali yetu, kwa sababu fedha iliyotengwa ni ya kufanya kazi hii mara moja tu.

Mzee wa Saketi

Ndugu FundiMawimbi, kabla hatujakushauri, tusaidie mambo matatu. Reli zinazoongoza kadi ndani ya fremu ni za plastiki au za chuma? Kiunganishi cha nyuma ni cha aina gani? Na ukichomoa moduli inayosumbua, pini zake zinaonekanaje ukizitazama kwa kioo cha kukuzia?

FundiMawimbi

Shikamoo mzee, na ahsante kwa kuuliza. Reli ni za plastiki ya kijivu, zimebanwa kwenye paa (fito za mlalo) za alumini za fremu. Kiunganishi ni kile cha pini 96, safu tatu za pini 32, na kadi zenyewe ni za milimita 100 kwa 160. Pini za moduli zinazosumbua zina vidoa vyeusi vidogo pale hasa zinapogusana na upande wa pili, ilhali sehemu nyingine ya pini inang'aa. Aidha, kwenye masikio ya ile amplifaya nzito, kuzunguka matundu ya skrubu, nimekuta unga mweusi laini ambao ukiupangusa kwa kitambaa hurudi baada ya safari inayofuata.

Mzee wa Saketi

Marahaba. Maelezo yako yanatosha kabisa, na naomba univumilie kwa sababu jibu langu litakuwa refu.

Vidoa vyeusi kwenye pini ni dalili ya msuguano wa mwendo mdogo mno. Kadi inapotikisika, pini husogea mbele na nyuma kwa sehemu ndogo sana ya milimita, mwendo ambao jicho haliuoni, na kila inaposogea hukwangua tabaka la juu la metali na kuacha kidonda kipya ambacho hupata kutu papo hapo. Kutu hiyo haipitishi umeme vizuri, nayo hujikusanya palepale pini zinapokutana. Pini zilizopakwa bati jeupe huathirika upesi, na zilizopakwa dhahabu hustahimili zaidi, ingawa nazo tabaka likiisha huingia kwenye hali ileile. Ndiyo maana ukibonyeza kwa kidole sauti hurudi: umeisogeza pini hadi mahali ambapo bado ni pasafi. Unga mweusi kwenye masikio ya amplifaya ni jambo hilohilo likitokea kwa alumini. Alumini iliyosagika pamoja na kutu yake huwa nyeusi, na maana yake ni kwamba masikio yanacheza chini ya skrubu ambazo wewe unaamini zimekaza.

Kwa hiyo jambo la kwanza kulikubali ni kwamba kiunganishi hakikuumbwa kushikilia kadi. Kiunganishi cha pini 96 kinaweza kuhitaji nguvu ya hadi nyutoni 90 kukichomeka, na ugumu huo huwafanya mafundi wengi waamini kwamba kitu kilichoingia kwa shida hivyo hakiwezi kutoka chenyewe. Kutoka hakitoki, lakini kinacheza, na kucheza kunatosha kukiharibu.

Sasa vifungio vyenyewe. Skrubu ya kola ya M2.5 (kipenyo cha milimita 2.5) juu na chini ya paneli ndiyo njia ambayo fremu za aina yako zilitengenezewa, nayo ina sifa moja ambayo vifungio vingine vya paneli havina: inavuta paneli hadi ikutane na paa la fremu, chuma kwa chuma, na kuibana hapo. Kola huifanya skrubu isidondoke inapofunguliwa, jambo ambalo si dogo, kwa sababu skrubu ikiangukia ubao wa nyuma wenye umeme utakuwa na kazi nyingine kubwa zaidi ya hii. Vifungo vya robo mzunguko hupendwa kwa sababu ya wepesi, na kwenye paneli za ndege vimetumika tangu miaka ya 1930, lakini vingi kati yake hushikilia kwa springi. Springi hairuhusu paneli itoke, ila inairuhusu ipumue. Kwa mfuniko ni sawa, kwa kadi yenye kiunganishi kwenye barabara zenu sikushauri.

Kabari za pembeni ni kifungio bora kuliko vyote kwa mtetemo, na hutumika kwenye mitambo ya kijeshi na ya ndege ambako kadi hupoozwa kwa kugusana na kuta za sanduku. Ukikaza skrubu moja ndefu, vipande vya kabari hupandana na kutanuka, vikabana ukingo wa kadi dhidi ya ukuta kwa urefu wake wote, na joto nalo hupitia hapohapo. Hata hivyo, ukuta huo lazima uwe wa chuma kilichochongwa kwa vipimo. Ukiweka kabari ndani ya reli za plastiki ulizo nazo, reli zitapasuka, na hata zisipopasuka plastiki italegea taratibu na kabari haitakuwa na cha kubana. Fremu yako haikubali njia hiyo, na kununua fremu mpya pamoja na kadi zenye nafasi ya kabari ni sawa na kununua mtambo mwingine.

Dada Transmita

Naunga mkono maelezo ya mzee, ila naomba niongeze kuhusu mipini yenye komeo, kwa sababu ndiyo tunayoitumia kwenye mitambo yetu ya simu. Mpini ule una ndoano inayoingia kwenye tundu la paa la fremu, na ukiubonyeza unafanya kazi ya wenzo: unaisukuma kadi iingie taratibu na kwa usawa, na wakati wa kuitoa unaivuta bila kuiyumbisha. Faida kubwa ni kwa pini, kwa maana mtu anayevuta moduli kwa kuitikisa kushoto na kulia hupinda pini za kiunganishi na kutanua mashimo ya upande wa pili. Kwenye baadhi ya mifumo mpini umeunganishwa na swichi ndogo, ukiufungua mfumo unajua kadi inataka kutolewa, na taa ya buluu ikiwaka unajua ni salama kuichomoa bila kuzima mtambo.

Lakini mpini haufuti skrubu. Ndoano ina nafasi ndogo ya kucheza ndani ya tundu lake, na hata paneli zilizotengenezwa kwa kufuata viwango huwa na mpini na skrubu ya kola kwa pamoja. Nimekuta mafundi wengi wakisikia komeo limelia wanaondoka, na skrubu imebaki inaning'inia.

Bingwa wa Vifaa

Wakuu, mimi natoa njia ya gharama nafuu. Chukua ukanda wa alumini wenye upana wa paneli za fremu, ubandike sifongo ngumu ya mpira upande wa ndani, kisha uufunge mbele ya moduli zote kwa skrubu za masikio ya raki. Moduli zote zitabanwa kwa pamoja. Na zile kadi zinazosumbua sana zipake silikoni kidogo kwenye kiunganishi, hazitasogea tena.

Mzee wa Saketi

Ukanda wa kuzuia ni njia inayotambulika na hutumika, hasa kwenye kadi zisizo na paneli ya mbele. Upungufu wake ni kwamba utafunika vitufe na taa za moduli za sauti, ambazo mwendeshaji anazihitaji wakati wa matangazo. Kwa hiyo utumike safarini tu, uondolewe gari likisimama, na usichukuliwe kuwa mbadala wa skrubu.

Silikoni kwenye kiunganishi sikubaliani nayo kabisa, ndugu yangu. Aina nyingi za bei nafuu hutoa asidi ya siki zinapokauka, na asidi hiyo hula shaba. Zaidi ya hayo, siku moduli itakapoungua usiku wa matangazo, utaichomoa vipi?

Baharia wa Kigamboni

Mimi nimefanya kazi ya mitambo ya mawasiliano kwenye meli, na ningependa tusiishie kwenye kadi peke yake. Ndugu FundiMawimbi, fikiria barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati la paa, ambayo mgongo mmoja uko umbali wa sentimita 70 kutoka mwingine. Gari likienda kilomita 70 kwa saa, yaani mita 19 na ushei kwa sekunde, raki yako inapigwa karibu mara 28 kila sekunde. Raki nyembamba iliyofungwa sakafuni tu, bila kushikwa juu, huweza kuitikia kasi ya namna hiyo na kuyumba zaidi ya gari lenyewe, na hapo hata skrubu iliyokazwa vizuri inafanyishwa kazi isiyo yake.

Funga raki chini na juu. Chini yake weka vizuia mtetemo vya waya wa chuma uliosokotwa, vya uzito unaolingana na raki ikiwa imejaa, na uache nafasi pande zote ili raki inapocheza isigonge ukuta wa gari. Nyaya zinazoingia nyuma zifungwe kwenye raki yenyewe zikiwa na mkunjo wa ziada, kwa maana waya ulionyooka na kukazwa huvuta moduli kila raki inapoyumba.

Na hiyo amplifaya ya uniti 2, tafadhali iwekee reli za kuibeba hadi nyuma. Masikio ya mbele yalikusudiwa kuizuia isitoke, ila uzito wa kitu kirefu namna hiyo unapaswa kubebwa na reli. Kwenye ndege utaona sanduku la elektroniki limekaa juu ya trei, nyuma limeingia kwenye pini za kulielekeza, na mbele limevutwa kwa nati zenye ndoano, na zipo nati za aina hiyo ambazo huteleza zenyewe zikifikia nguvu inayotakiwa ili fundi asizidishe. Huhitaji trei ya ndege, lakini mpangilio ni huohuo: nyuma pashikwe, chini pabebe, mbele pakaze.

FundiMawimbi

Nimewasoma kwa makini na nawashukuru sana. Nimeamua hivi: kila moduli itapata skrubu mbili za kola, amplifaya itapata reli za kuibeba, na raki itafungwa juu na kuwekewa vizuia mtetemo. Mipini itasubiri. Nimebakiwa na maswali mawili. Matundu mengine ya paa la fremu yamekwisha nyuzi (mikato ya ndani inayoshika skrubu). Je, nitoboe upya kwa skrubu kubwa? Na skrubu ndogo kama hizi nizipake gundi ya nyuzi, ile ya kuzuia skrubu isilegee?

Mzee wa Saketi

Usitoboe. Chunguza nyuma ya tundu: fremu nyingi za aina hiyo zina ukanda wa chuma wenye nyuzi, uliotelezeshwa ndani ya mfereji wa paa la alumini. Ondoa kifuniko cha pembeni, uvute nje, uingize mpya. Nyuzi zikifa unabadilisha ukanda, na paa linabaki salama.

Kuhusu gundi, tumia ile dhaifu iliyokusudiwa skrubu ndogo, tone moja kwenye nyuzi na si kwenye kichwa, na iwe mbali na kola pamoja na reli za plastiki, kwa sababu gundi hizo hupasua baadhi ya plastiki. Kwa moduli unazozitoa mara kwa mara ni afadhali skrubu zenye kiraka cha nailoni kwenye nyuzi. Kaza kwa bisibisi inayopima nguvu, ukifuata kiwango cha mtengenezaji wa fremu, kwa M2.5 nguvu hiyo ni ndogo, kwa kawaida karibu nusu ya nyutoni-mita au chini yake, na mkono wa fundi aliyezoea boliti za mnara huipita bila kujua. Ukimaliza, chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye paneli. Mwendeshaji yeyote, hata asiye fundi, akiona mstari umekatika ataweza kukupigia simu kabla gari halijaondoka.

Dada Transmita

Na kabla ya kufunga lolote, safisha pini na pande zake za pili kwa spiriti ya isopropili na brashi laini, kisha zikague. Zile ambazo tabaka limekwisha na shaba inaonekana, badilisha kiunganishi, kwa sababu hata ukikifunga kwa kabari za kijeshi kitaendelea kukwaruza.