Kazi ya friji naijua, Kingereza chake ndicho chanitoa jasho. Nyinyi mlisomaje?

fundi_baridi_kisauni

Salaam aleikum wenzangu. Mimi ni fundi wa friji na AC, nilianza kushika spana nikiwa form three wakati wa likizo kwa mjomba pale Kongowea na sasa huu ni mwaka wa tisa, sitaki kujisifu lakini ukiniletea friji haigandishi nikiweka tu mkono kwa paipu ya nyuma nishajua kama ni gesi imepungua ama kompresa imechoka.

Sasa wiki jana nikaitwa interviu kwa hoteli moja ya huku north coast, wataka fundi wa AC za vyumba na koldrumu ya jikoni, mshahara wa kila mwezi sio hii ya kuitwa mpaka kitu kiharibike. Ndani walikuwa watatu, mmoja yuwaonekana ndiye injinia mkubwa. Akaniuliza, "How do you evacuate the system before charging?"

Mimi kichwani evacuate naijua ile ya moto ukishika, king'ora chalia, watu wote wakusanyike parking. Na charging si ndio ile ya simu. Basi nikajibu kwa heshima zote, first I tell all the people to go outside, then I look for the charger. Wallahi walicheka mpaka mmoja akavua miwani akajipangusa macho. Kufika nje nampigia mjomba aniambia ewe, hiyo evacuate si ni kuvuta vakyumu! Kuvuta vakyumu jamani, kitu nafanya kila siku, pampu yenyewe iko hapa chini ya kitanda saa hii naandika.

Kazi sikupata. Kamusi nimeangalia yanipa maana ile ile ya watu kuhamishwa. Kozi nimeulizia mjini, wafundisha kujitambulisha na kuagiza chakula. Mimi nataka Kingereza cha mashine na sayansi yake, basi. Nyinyi mlio kwa hizi kazi mlikitoa wapi?

rifa_kilindini

Pole ndugu yangu, ila hiyo ya charger nimeisoma kwa sauti hapa na wenzangu wote wako chini kwa kicheko, usikasirike.

Mimi niko kwa rifa, makontena ya baridi, na yalinipata kama yako. Nikwambie kitu: majina unayo tayari. Kompresa, kondensa, kapilari, filta, thamostati, fani, hayo yote ni Kingereza kilichovishwa kanzu na kofia. Kilichokuangusha ni vitendo, manake vitendo sisi twavisema kwa Kiswahili chetu. Twasema kuweka gesi, wao wasema "charge". Kuvuja ni "leak". Barafu kuyeyushwa ni "defrost". Kompresa ikijam ndani isizunguke wasema imefanya "seize". Ikijikata yenyewe ni "trip", hiyo angalau twasema imetripu. Na kutoa gesi ukaiweka kwa chupa ni "recover", hapo uwe makini sana, ukisema "release" umewaambia waiachilia hewani na hapo kazi umeikosa kabla hujakaa kwa kiti, kwa sababu gesi ya R22 yaharibu ozoni, ndio ukaja ule mkataba wa Montreal wa 1987 wa kuilinda, na gesi ya R134a ijapokuwa haigusi ozoni yapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kushinda kaboni dioksaidi ya uzito huo huo.

Na evacuate haina ajabu. Imetoka kwa Kilatini, kufanya mahali pawe patupu, shina lake ndilo lililozaa vacuum. Jengo lafanywa tupu, paipu yafanywa tupu, neno moja. Siku nyingine waambie hivi: "I pull a vacuum to remove air and moisture." Maneno tisa. Wakikuuliza kwa nini, wewe wajua kwa nini, unyevu ukibaki ndani ukifika kwa kapilari, ile paipu nyembamba, waganda waziba, na ukishusha presha kwa pampu yale maji yachemka yawe mvuke hata bila kupashwa moto, pampu iyafyonze. Hiyo ni fizikia ya chuo wewe waifanya ukiwa umechuchumaa jikoni kwa watu.

Jingine litakuponza ni kuweldi. Sisi kila kitu twaweldi, paipu za shaba twaweldi, waya twaweldi. Usiende kusema "I weld the copper pipe." Ukiweldi vyuma vyenyewe vyayeyuka vikashikana. Paipu za shaba wewe wayeyusha ile fimbo tu, shaba yenyewe haiyeyuki, hiyo ni "brazing", moto wake ni juu ya digrii 450. Chini ya hapo, kama zile waya za saketi na risasi, ni "soldering". Kwa hizi kazi zetu za moto, kile chuma chenyewe kisipoyeyuka, basi usiite welding.

Kitabu sikununua hata kimoja. Kila mashine ina lebo nyuma, piga picha, jioni ukikaa na chai soma neno moja moja mpaka ulielewe.

ticha_wa_likoni

Nafundisha fizikia sekondari, nimeona hii nikiwa kwa foleni ya feri nikasema lazima nijibu. Rifa amesema kweli kuhusu vitendo lakini kuna mtego mwingine mbaya zaidi, yale maneno ambayo kwa Kiswahili cha nyumbani ni moja na kwa Kingereza ni matatu.

Chukua nguvu. Kusukuma mkokoteni ni nguvu, kompresa ina nguvu, chakula chaleta nguvu. Kingereza cha sayansi chazitenganisha: kusukuma ni "force", uwezo wa kompresa ni "power", na kile kilichomo kwa chakula ama betri ni "energy", sisi vitabuni twaiita nishati. Wanafunzi wangu huzichanganya mpaka mtihani wa mwisho. Nikawa nawaambia waangalie tokeni za stima. Wati ni power, ni kasi ya kula. Zile yuniti unazonunua ni kilowati-saa, hizo ni energy, ni chakula chenyewe. AC inayokula kilowati moja ukiiwasha kwa muda wa saa tano imemaliza yuniti tano. Mteja akikuuliza AC hii yala stima kiasi gani, ujue yuwauliza ipi kati ya hizo mbili.

Halafu joto. "Heat" na "temperature" kwetu zote joto, ingawa vitabu vina neno halijoto ambalo sijamsikia mtu akilisema sokoni. Kikombe cha chai ya kuchemka na ndoo ya maji ya vuguvugu: kikombe kina temperature kubwa, lakini ndoo ndiyo imebeba heat nyingi kwa sababu maji ni mengi. Na hapa ndipo wewe wa baridi utawashinda wote kwa interviu, kwa sababu friji haiingizi baridi. Hakuna kitu kinaitwa baridi kinachopigwa bomba ndani ya friji. Joto latolewa ndani lamwagwa nyuma, ndio maana nyuma kuna moto. Sema "it removes heat", usiseme "it gives cold", hata kama kwa Kiswahili friji yaleta baridi na hakuna atakayekushtaki.

mtoto_wa_mji_wa_kale

Mimi nauliza tu, chumba kizima mko Waswahili watupu, fundi Mswahili, AC imeharibika Mombasa, sasa Kingereza cha nini? Wangemuuliza "wavutaje vakyumu" angewajibu mpaka wachoke.

Na mjue hao wenyewe wamekopa. Sifuri yetu na "cipher" yao ya kuficha siri kwa kompyuta ni neno moja la Kiarabu, hata "zero" yatoka hapo hapo. "Algorithm" ni jina la mtu, Al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad karne ya 9. "Monsoon" wanayoitaja kwa utabiri wa hali ya hewa ni mawsim, ndio hiyo hiyo msimu yetu, mabaharia wa kusi na kaskazi walilitumia kabla ya mtangazaji yeyote kuzaliwa. Kwa hivyo fundi usiende pale umejikunyata kama umekopa deni.

rifa_kilindini

@mtoto_wa_mji_wa_kale hapo kwa sifuri nimekuvulia kofia. Lakini sheikh, kontena ikianza kupiga alamu saa nane za usiku na ndani mna samaki wa minus 18, ile skrini haiandiki kwa Kiswahili. Manyuwali pia. Hatuongei Kingereza kumfurahisha mtu, twasoma mashine.

binti_wa_faiba

Niko upande wa intaneti, sio wa baridi, lakini hii ya ticha ya neno moja kubeba matatu imenigusa. Mteja hunipigia "spidi iko chini". Spidi ipi mpendwa? Kuna "bandwidth" na kuna "latency". Huwa nawaelezea kwa daraja la Nyali: bandwidth ni leni ngapi, magari mangapi yapita kwa pamoja, latency ni gari moja latumia muda gani kutoka upande huu mpaka ule. Waweza kuwa na leni sita na bado uchelewe. Kabla ya ile miaka ya 2009 na 2010 ambapo keybo za chini ya bahari zilifika hapa Mombasa, SEACOM na TEAMS halafu EASSy, intaneti ilikuwa ya setilaiti, mawimbi yapanda karibu kilomita 36,000 juu na kurudi, ukiongea na mtu kwa simu ya intaneti mwagongana kila sentensi. Hiyo ndio latency, hata ungenunua leni ishirini ingebaki pale pale.

Kuhusu kusoma, mimi kilichonisaidia ni kujirekodi voice note. Kazi nikimaliza nasema kwa Kingereza nilichofanya, dakika moja, halafu nasikiliza. Mwanzo aibu, nilikuwa nafuta kabla mume wangu hajasikia. Maneno kuyasoma ni kitu kimoja, mdomo kuyazoea ni kingine, na wewe fundi naona neno ulilijua ila lilikutokea mahali hukulitarajia.

fundi_baridi_kisauni

Shukrani nyote, sikutarajia majibu haya yote. Leo nilikuwa Nyali kwa mteja, splitiyuniti ya nje imeliwa na chumvi ya bahari mpaka zile finzi za kondensa zapukutika ukizigusa, kumbe hiyo ndio "corrosion", nilikuwa najua kutu tu. Nimepiga picha lebo kama rifa alivyosema. Nyingi nimezielewa. Imeandikwa 12,000 BTU na mteja asema hiyo ni ya tani moja, nikamwambia mama hii hata kilo hamsini haifiki, akaniangalia tu. Na kompresa nayo ina lebo yake, pale chini pana herufi tatu LRA. Hizo ndizo nini?

ticha_wa_likoni

Mama yuko sawa, muombe radhi. Tani hiyo si uzito wa mashine. Zamani baridi ilinunuliwa kwa barafu, wakapima mashine kwa kuuliza yaweza kutoa joto sawa na lile la kuyeyusha tani moja ya barafu (tani ya Kimarekani, ndogo kidogo kuliko ya kilo elfu) kwa siku nzima? Ndio hiyo, BTU 12,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), kama kilowati 3.5 za joto linalotolewa. Sio za stima inayoliwa, usizichanganye, stima inayoliwa ni ndogo zaidi ya hapo.

rifa_kilindini

LRA ni "locked rotor amps", ampea ambazo kompresa yavuta rota ikiwa imesimama haizunguki. Ile sekunde ya kuwaka ndio taa za nyumba hufifia kidogo, si umeona? Ni hizo. Ampea za kawaida ikishazunguka ni ndogo mara kadhaa. Sasa ukiweka klampu mita ukakuta yavuta za LRA na haishuki na hakuna mzunguko, wajua neno la kusema.

fundi_baridi_kisauni

"The compressor is seized."

rifa_kilindini

Haya. Sasa irekodi.