Mjadala: Picha ya ubongo imtetee mraibu mahakamani?

Kobe Mwendapole: Wakuu, naleta hoja. Tangu miaka ya 1990, mtafiti wa ubongo Nora Volkow na wenzake wametumia kipimo cha PET (picha ya ubongo inayopigwa kwa kufuatilia kemikali yenye mionzi) wakakuta watumiaji wa kokeni wana vipokezi vichache vya aina ya D2 kuliko wasiotumia, yaani viti inapotua dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu. Sasa mtu kaiba kwa sababu ya uraibu, wakili analeta picha ya ubongo wake. Hakimu aipokee?

Shoka Butu: Kisingizio hicho. Kila mtu ana dopamini. Mwaka 1998 huko London waliwapima watu wakicheza gemu, ikapanda kama vile wamechomwa amfetamini, dawa ya kuchangamsha. Mbona wacheza gemu hawavunji nyumba za watu? Teja ni mvivu mwenye picha, basi.

Nuru: Mvivu mwenye picha? Shoka, umewahi kumuuguza mtu mwenye arosto? Mdogo wangu alikuwa anaamka usiku wa manane shuka limelowa jasho, meno yanagongana. Huyo ndiye mvivu wako?

Shoka Butu: Dada, mdogo wako sikumtaja.

Nuru: Umewataja wote.

Fundi Mitambo: Na hilo la gemu usiliache nusu, mkuu. Walikuwa wanaume 8 tu. Mtu yuko kwenye mashine, kipanya mkononi, anaendesha kifaru kwenye skrini akiokota bendera, na kila akivuka hatua analipwa. Halafu, kwa kulinganisha, anapimwa akitazama skrini tupu. Dopamini hiyo ni ya gemu au ya pesa? Tena PET haiioni dopamini yenyewe. Unachomwa kemikali ya raklopridi yenye mionzi, nayo inagombania kiti na dopamini kwenye kipokezi. Raklopridi ikikosa pa kukaa, wanakadiria dopamini imeongezeka.

Shoka Butu: Kumbe wanakadiria! Ahsante kwa kunisaidia.

Fundi Mitambo: Sijakusaidia. Swali gumu la Kobe umelikwepa: je, vipokezi vilipunguzwa na kokeni, au vilikuwa vichache tangu mwanzo ndiyo maana akanasa? Kwa tumbili yameonekana yote mawili. Na yale matokeo ni wastani wa kundi. Ukimchukua mraibu mmoja na asiye mraibu mmoja, huenda wakalingana kabisa, na hakimu anamhukumu mtu mmoja.

Mpiga Soga: Hizi mashine longolongo tupu. Si kuna samaki mfu waliyemuingiza humo mwaka 2009, ubongo ukawaka?

Fundi Mitambo: Hiyo ni MRI, mashine nyingine, inafuata oksijeni kwenye damu, dopamini haiipimi. Na walifanya makusudi, kuonyesha kwamba ukipima nukta maelfu bila kusahihisha takwimu, chache zitawaka kwa bahati tu.

Mpiga Soga: Kwa hiyo samaki naye atafutiwe wakili 😂

Kobe Mwendapole: Jamani, mahakama!

Mwana wa Bahati: Baba yangu ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka unaotokana na upungufu wa dopamini. Alianzishiwa dawa zinazoiga dopamini, na haikuchukua muda mzee ambaye hajawahi kubeti hata mara moja akawa anakesha na simu chini ya shuka, anacheza kamari. Mama alijua siku salio la benki lilipogoma. Daktari akapunguza dozi, hamu ikakatika. Hakuna aliyempiga picha ya ubongo. Mnabishania mashine bure.

Shoka Butu: Pole sana, mkuu. Ila wengi wanameza dawa hizo hizo na hawabeti.

Nuru: Mtu anakueleza ya baba yake, wewe unamrushia hesabu?

Fundi Mitambo: Hilo la wengi ni kweli. Ndiyo maana daktari makini huuliza kwanza kama mgonjwa ana historia ya kamari, na huwaomba watu wa nyumbani wamwangalie.

Shoka Butu: Umeona Nuru? Fundi anakubaliana nami.

Fundi Mitambo: Na takwimu, ndiyo. Na mdomo wako, hapana.