MREJESHO: Kempingi ya Lushoto kwa hela ya kuungaunga

Wakuu nimerudi, mimi ndo yule niliyeuliza nibebe nini kwa kempingi ya siku mbili Lushoto, kule milimani Tanga, na bajeti ndogo, asanteni sana mmenisaidia kweli. Aliyesema baridi ya mwezi wa 7 inapandia chini ubarikiwe, tulitandika turubai, juu yake maboksi tuliyoomba dukani, halafu mkeka na blanketi, mgongo haukuhisi kitu. Kosa letu usiku wa kwanza tulifunga zipu zote, saa kumi alfajiri nashtuka matone yananidondokea usoni nikajua hema linavuja, kumbe ni pumzi zetu wenyewe zimegeuka maji huko juu! Usiku wa pili tukaacha upenyo kidogo, asubuhi pakavu.

Na jamani jiko la mkaa msiingize ndani hata kama mnatetemeka vipi, ile hewa inaua mtu kalala. Sisi tulipikia nje, tukajaza maji ya moto kwenye chupa ngumu, tukaivalisha soksi, tukalala nayo miguuni. Chakula msibebe toka Dar, sokoni kule viazi na karoti vipo vya kutosha. Hema lenyewe la kuazima, naendelea kulianika likauke kabisa ndo nilirudishe.