Kamera ndogo ya likizo kwa laki tano: niangalie nini?

mama_wawili

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa kamera ndogo ya dijitali. Desemba tunakwenda Unguja siku nne, tukirudi bara tunamalizia Mikumi siku moja. Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 11, na huyo mkubwa ndiye atakayeishika muda mwingi, kwa hiyo sitaki ya kubadilisha lenzi wala yenye vitufe ishirini. Bajeti ni laki tano. Picha nzuri nitazisafisha niweke kwenye albamu.

Muuzaji mmoja Kariakoo amenionyesha mbili. Ya kwanza mpya kwenye boksi, imeandikwa "48MP 4K 16X", laki mbili na nusu. Ya pili ni Sony W800 iliyotumika, megapikseli 20, laki tatu. Anasema ya kwanza ni bora kwa sababu megapikseli zake ni zaidi ya mara mbili. Ni kweli? Na Mikumi itafaa?

Lenzi_Safi

Hiyo ya 48MP irudishe kwenye boksi lake, dada.

Geuza kamera usome mdomo wa lenzi. Yenye zumu ya kweli ina namba mbili zenye kistari katikati: W800 utakuta 4.6-23, Canon IXUS 185 ni 5.0-40.0. Hizo ni milimita, lenzi ikiwa imerudi ndani na ikiwa imetoka mpaka mwisho. Hizi za "16X" huwa na namba moja tu au hazina kabisa, na ukibonyeza zumu hakuna kinachotoka nje. Kamera inakata kipande cha katikati na kukivuta kiwe kikubwa, kazi ambayo hata simu yako inaifanya. Megapikseli 48 nazo kwa kawaida ni za kupikwa. Sensa iliyomo, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo, ya aina ya simu za bei ya chini, halafu programu inajaza nukta za kubuni kati ya nukta halisi mpaka hesabu itimie. Faili linakuwa zito, nywele za mtoto zinabaki kama uji.

Kwa albamu huhitaji hata robo ya hizo. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inatoka safi kwa megapikseli 2 na kidogo. Ukurasa mzima wa A4 unataka karibu 9. Kamera yoyote yenye 12 hadi 20 za kweli inakutosha.

Mikumi ndiko penye kazi. Kwenye kamera hizi ndogo za kawaida, zidisha namba ya mwisho ya lenzi kwa 5.6 upate kipimo cha kulinganisha kamera moja na nyingine; kikiwa kikubwa, inavuta mbali zaidi. W800: 23 mara 5.6, karibu 130. Sasa chukua pundamilia aliye mita 50 kutoka barabarani. Kwa 130 picha yako inameza upana wa karibu mita 14, yeye ana mita mbili na kitu, kwa hiyo atakuwa kama sisimizi kwenye meza. Kwa Sony W830, inayofika 200, upana ni mita 9. Kwa Canon SX600 HS, inayofika 450, ni mita 4, hapo unaanza kuona milia. SX620 HS inafika 625, chini ya mita 3, pundamilia anajaa.

Usidanganywe na "8X" au "10X" peke yake. Hiyo ni namba kubwa gawanya kwa ndogo, haikuambii lenzi inaanzia wapi. Na inakoanzia kuna maana: kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe unataka 24 au 25 kwa kipimo hicho cha kulinganisha, ukiwa na 28 utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta.

Kitu kingine ni kizuia mtikisiko ndani ya lenzi. W800 haina, IXUS 185 haina. W830 inacho, IXUS 190 inacho, SX600 na SX620 zinacho. Mtoto wa miaka 11 akivuta zumu mpaka mwisho bila hicho kitu, picha nyingi zitatoka na ukungu, hasa mwanga ukipungua.

Kwa laki tano ningetafuta SX600 HS iliyotumika, au W830 ikikosekana. Bei za kamera hizi zimepanda tangu vijana wazirudie, kwa hiyo piga bei bila aibu.

kisiwa_kwetu

Mimi ningeuliza kwanza ana simu gani. Simu nzuri ya miaka ya karibuni inaishinda kamera yoyote kati ya hizo usiku Forodhani. Sensa zao zote ni za inchi 1/2.3, kama milimita 6 kwa 4.5, na zikifika ISO 800 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga hafifu) picha inajaa chembechembe. Simu inapiga picha kadhaa na kuziunganisha kuwa moja, kamera hizi kwa kawaida hazifanyi hivyo.

Lenzi_Safi

Usiku nakubali kabisa, usiku watumie simu. Lakini simu za kawaida zinaishia zumu ya kweli ya mara mbili au tatu. Na simu ya mama aliyopewa mtoto juu ya jahazi ndiyo hiyohiyo yenye M-Pesa na tiketi za boti.

fundi_shata

Kamera iliyotumika haipimwi kwa kuiwasha tu na kuona kioo kinawaka. Nenda mchana, na memori kadi yako mwenyewe, ufanye haya kabla hela haijatoka:

Izime na kuiwasha mara tano, na kila mara vuta zumu mpaka mwisho na kuirudisha. Sikiliza. Mlio laini ni wa mota. Ukisikia mkwaruzo kama wa kusaga karanga, kuna mchanga ndani ya mabomba ya lenzi na siku yoyote itagoma ikiwa nje, na kioo kuandika "Lens error". Kuifungua na kubadilisha lenzi mara nyingi kunakaribia bei ya kamera yenyewe.

Vuta zumu yote, piga picha ya anga tupu au ukuta mweupe. Ikuze kwenye kioo utembeze pembe zote. Madoa ya kijivu yasiyohama kutoka picha moja kwenda nyingine ni vumbi au kuvu ndani, na pwani yetu kuvu ni jambo la kawaida kwa kamera iliyokaa kabatini. Kisha ziba lenzi kwa kiganja, zima flashi, piga. Nukta moja mbili nyeupe si neno, zikiwa kumi na kuendelea achana nayo.

Toa betri uilaze mezani uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba. Rudisha, angalia kama kifuniko cha betri kinajifunga chenyewe au muuzaji anakibana kwa kidole. Klipu ile ya plastiki ikivunjika, kamera inazimika ovyo.

Piga flashi mara tatu mfululizo. Rekodi video nusu dakika huku unaongea, uisikilize.

Na hili watu wengi linawakuta nyumbani: Sony na Panasonic zilizotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi menyu yake ni Kijapani peke yake, na hakuna mahali pa kubadilisha. Ingia sehemu ya lugha mbele ya muuzaji. Canon ukiona imeandikwa IXY badala ya IXUS, nayo ni ya Japani, ila hizo nyingi zina Kiingereza pia. Chaja ya Japani yenye vyuma viwili bapa haina shida mradi imeandikwa 100-240V, unaweka adapta ya plagi tu. Ikiandikwa 100V peke yake, usiichomeke.

mama_wawili

Asanteni sana. Nimepata SX600 HS, laki nne na nusu, na chaja yake, menyu ya Kiingereza. Jumamosi naenda kuipima. Huko ufukweni kuna la kuangalia? Picha zetu za simu mwaka jana mchanga ulitoka vizuri, nyuso zikawa nyeusi tii.

kisiwa_kwetu

Hilo si kosa la nyuso. Kamera inapima mwanga ikidhani kila kitu mbele yake ni kijivu cha wastani. Ikiona mchanga mweupe wa Nungwi na bahari inayong'aa inaona mwanga umezidi, inapunguza, na anayelipa ni mtu mwenye ngozi nyeusi aliyesimama katikati. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni flashi ya lazima: bonyeza kitufe chenye alama ya radi, toa kwenye "A" (kamera kuamua yenyewe), weka radi tupu. Ndiyo, saa saba mchana. Inafanya kazi mtu akiwa mita 2 hivi, akiwa mita 5 hakuna kitu. Ya pili, weka hali ya P (kamera inapima mwanga, wewe unaweza kurekebisha), tafuta alama ya +/- upandishe hadi +2/3 au +1. Anga litapauka kidogo, acha lipauke. Mkirudi hotelini rudisha sifuri, la sivyo picha za Mikumi zote zitakuwa nyeupe.

Saa nne hadi saa tisa jua liko utosini na macho yanakuwa mashimo. Wapeleke chini ya mti wa mkungu au ukingoni mwa kibanda cha makuti, uso uelekee kwenye mwanga.

Mchanga ndio adui namba moja. Kamera isikae mfukoni mwa bukta wala ndani ya mkoba wa taulo. Mfuko wa plastiki wenye zipu, basi. Ukiona punje kwenye lenzi, usiipulize kwa mdomo, mate yanabaki, tumia pampu ndogo ya mpira. Rashasha za maji ya chumvi futa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi kabla chumvi haijakauka, kamera ikiwa imezimwa.

Mkitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, lenzi inavaa ukungu papo hapo. Ifunge kwenye mfuko huo ukiwa bado ndani, itoe nje, uifungue baada ya dakika 20 au 30.

Lenzi_Safi

Kabla ya safari ingia kwenye menyu, palipoandikwa Digital Zoom (ile zumu ya kukata na kuvuta) weka Off, ili mtoto akifika mwisho wa lenzi zumu isimame. Weka tarehe sahihi, la sivyo picha za siku tano zitachanganyika kwenye kompyuta. Kadi ya 32GB inatosha, picha moja ni kama MB 5 hivi. Betri ya pili ni lazima.

Mikumi mwambie dereva azime injini. Jaza kilo moja ya mchele kwenye soksi nene, funga, ilaze kwenye dirisha la gari, kamera juu yake. Hiyo inasaidia kuliko stendi ya miguu mitatu ndani ya gari.

mama_wawili

Mchele kwenye soksi nimeupenda. Kadi niliyo nayo ni ndogo ya simu, 2GB, ipo ndani ya adapta. Ya kupimia Jumamosi inafaa?

fundi_shata

Inafaa. Ubavuni mwa adapta kuna kitelezi kidogo. Kisukume kuelekea upande unaotangulia kuingia kwenye kamera, kikiwa upande wa pili kamera itakwambia kadi imefungwa na utadhani ni mbovu. Halafu kama kuna picha za simu humo zihamishe kwanza, kwa sababu utaifomati ndani ya kamera na vyote vitafutika.