Simu iliyofungwa mtandao: kuiomba kampuni iliyoiuza, kununua namba ya kufungulia, au kumpelekea fundi?

Mwalimu wa Tororo
Habari zenu, ndugu. Shemeji yangu aliyerejea kutoka Marekani amenipa simu ya Samsung, nzima kabisa, ila nikiweka laini ya Uganda inanidai namba ya kufungulia mtandao. Nimeshauriwa njia tatu: kuiomba kampuni ya huko iliyoiuza, kununua namba kwa wauzaji wa intaneti, au kuipeleka Kampala kwa fundi mwenye kompyuta aiflashi, yaani aipakie mfumo upya. Naomba mnilinganishie gharama, muda na hatari, kwa kuwa ndani yake kuna picha za harusi ambazo shemeji hajazihamisha.

Fundi wa Arua
Mwalimu, kwanza tutenganishe kufuli, maana wateja wengi wanaofika mezani kwangu husema tu kwamba simu imefungwa, na kila mmoja ana maana yake. Kufuli ya mtandao huizuia simu isipokee laini ya kampuni nyingine. Kufuli ya akaunti, ambayo Google iliileta na Android 5.1 mwaka 2015, hudai akaunti ya mwenye simu wa awali baada ya simu kufutwa kwa nguvu. Ya tatu ni ya butiloda, yaani programu ndogo inayoiamsha simu, ambayo hukataa mfumo usiotoka kwa mtengenezaji.

Yako ni ya kwanza, na kuflashi kwa kawaida hakuitoi, kwa sababu kunabadilisha mfumo endeshi ilhali kizuizi cha mtandao kimehifadhiwa mahali pengine. Utatoka dukani picha zimefutika, umelipa, na laini bado inakataliwa.

Ningeanza na kampuni iliyoiuza. Piga *#06#, nakili namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, kisha umwachie shemeji aombe mwenyewe, kwani kampuni humsikiliza aliyekuwa mteja wake, na simu ambayo deni lake limekwisha mara nyingi hufunguliwa bila malipo. Kwa kuwa yako inaonyesha kisanduku cha namba, njia ya kununua nayo inawezekana, lakini usijaribu namba za kubahatisha: ukikosea mara kadhaa, simu inaweza kukataa hata namba iliyo sahihi.

Mama Duka wa Busia
Mimi nilikuwa na haraka, nikanunua namba. Nilisubiri siku nne, ikaletwa, nikakosa pa kuiandika! Simu yangu ilikuwa ya aina inayofunguliwa na kampuni yenyewe kupitia programu iliyomo ndani, na muuzaji, aliyekuwa mpole sana kabla ya kupokea fedha, hakujibu tena.

Kijana wa Wandegeya
Nanyi mbona mnaogopa? Ningefungua butiloda, nikaweka LineageOS, ule mfumo huria uliotokana na Android, nikaondoa na zile programu za kampuni ya Marekani zinazojaza nafasi bure.

Fundi wa Arua
Mdogo wangu, LineageOS ni kazi nzuri, na kwa simu kuukuu iliyoachwa bila masasisho naipendekeza mimi mwenyewe. Hata hivyo, Samsung nyingi zilizotengenezewa soko la Marekani hazikubali kufunguliwa butiloda, na zile zinazokubali hufuta kila kitu papo hapo na kuvunja alama ya Knox, ulinzi wa Samsung, isiyorudi, hivyo Folda Salama ya kufichia mafaili haitafanya kazi tena. Baadhi ya programu za benki nazo hugoma. Isitoshe, Mwalimu ana shida ya laini, na hayo yote hayaigusi.

Dada wa Gulu
Wenye iPhone nao wajihadhari na ile chipu nyembamba inayowekwa chini ya laini ili kuikwepa kufuli ya mtandao. Ya kwangu ilifanya kazi hadi niliposasisha mfumo, kisha simu ikarudi kuwa kama redio isiyo na betri.

Mwalimu wa Tororo
Ndugu, narudi baada ya siku tisa. Nilihamishia picha kwenye kompyuta ya shule kwa waya, shemeji akaandika ombi, na jana akatumiwa namba bila kulipa hata shilingi. Nimeiandika, simu ikakubali. Nilipopiga *165# menyu ya MTN ikatokea, na simu zinaingia na kutoka. Lakini intaneti haifunguki kabisa, ingawa nina bando.

Fundi wa Arua
Hongera, Mwalimu. Hapo ni APN tu, yaani mipangilio ya njia ya intaneti, ambayo bado ni ya kampuni ya Marekani. Fungua Mipangilio, ingia kwenye mitandao ya simu, kisha kwenye APN, na uguse vile vidoti vitatu vya juu ili urudishe mipangilio ya awali. Zima simu, iwashe laini ikiwa ndani, na usubiri dakika moja. Ikikataa, wapigie huduma kwa wateja wakutumie mipangilio hiyo kwa ujumbe mfupi.

Mwalimu wa Tororo
Imefunguka. Ninaandika haya kwa simu hiyo hiyo.