Kikundi cha kujitolea mtaani kinatambulikaje na halmashauri? Mwenye uzoefu naomba msaada

Mkazi wa Bondeni

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naishi hapa Dar, mtaa wetu uko bondeni, masika ikianza sisi ndio wa kwanza kupandisha magodoro juu ya makabati. Mwaka wa tatu huu tumejikusanya majirani kama 30 hivi, kina mama, vijana wa boda, wazee wastaafu wawili, tunasafisha mtaro mkubwa unaokatiza mtaani. Hatulipwi na mtu. Kila nyumba inachanga elfu mbili kwa mwezi za koleo na glavu, asiyekuwa nayo anakuja na nguvu zake, na hatujawahi kugombana kwa hilo.

Sasa mwezi wa tatu tumechimba jumamosi mbili mfululizo, tumetoa tope, mifuko, chupa, mpaka godoro zima lililokuwa limeziba mdomo wa kalavati, tukarundika pembeni kwa sababu tuliahidiwa kwa mdomo kwamba jumatatu gari litakuja kuzoa. Halikuja. Napiga simu naambiwa subirini ratiba, naenda ofisini naulizwa nyie ni nani, kikundi gani, kimesajiliwa wapi, barua yenu iko wapi. Alhamisi ikanyesha usiku kucha, asubuhi natoka nakuta rundo lote limerudi mtaroni, limebaki doa jeusi tu kwenye saruji pale lilipokuwa. Kuna mama mmoja huwa anabeba ndoo na sisi na mjukuu yuko mgongoni, nilimkuta amesimama pale kashika koleo hasemi kitu. Niliumia sana wakuu.

Alafu mwenyekiti wa mtaa aliyekuwa anatujua alitoka kwenye uchaguzi wa Novemba 2024, aliyeingia hana ubaya ila kwake sisi ni wageni, tunaanza moja. Naomba kujua kikundi kama hiki kinatambulikaje rasmi, na kikishatambulika halmashauri inakisaidia nini hasa? Hatutafuti hela, tunataka gari lije.

Mtendaji Mstaafu

Mdogo wangu pole sana. Nimekaa kwenye utendaji wa mtaa miaka mingi kwahiyo nakwambia nilichokiona nikiwa upande wa pili wa meza.

Kosa lenu, na ni kosa la vikundi vingi vizuri, ni kwamba mmejulikana na mtu badala ya kujulikana na ofisi. Mwenyekiti anachaguliwa, miaka mitano ikiisha anaweza kuondoka na kumbukumbu zake kichwani. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, naye anahamishwa, ila faili linabaki. Kwahiyo pigania kuingia kwenye faili. Ombeni ajenda kwenye mkutano wa mtaa, kikundi kitajwe, kazi yake itajwe, wananchi waulizwe kama wanakikubali, na iandikwe kwenye muhtasari. Mkishapata huo muhtasari hamtaulizwa tena nyie ni nani.

Hapo mnaomba barua ya utambulisho kwa mtendaji, mnaibeba na katiba yenu ndogo, majina ya wanachama na viongozi, mnaenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Katiba isiwatishe, kurasa mbili tatu za kiswahili cha kawaida zinatosha kuanzia, kikundi kinafanya nini, hela inatunzwa na nani, kiongozi anaondolewaje.

Ishu ya gari usimalizie kwa mwenyekiti. Kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa yote ya kata ni wajumbe. Mwenyekiti wenu akiingia mle na barua yenu mkononi, ombi la gari linakuwa la kata nzima sio la watu 30. Na kila barua peleka nakala mbili, moja wagongee muhuri wa kupokelewa na tarehe urudi nayo nyumbani. Ahadi ya mdomo ndio imewarudishia tope.

Dada wa Vikoba

Naongezea hapo kwa kaka. Mkifika kwa afisa maendeleo ya jamii kuna mtu atawaambia mchukue mkopo wa asilimia 10. Ni mkopo halali kabisa na hauna riba, ni sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, ulisimamishwa 2023 ukarudi baadaye. Lakini ule ni wa biashara, unatakiwa urudishwe. Mtaro haurudishi hela. Nimeona kikundi cha kina mama kilichoanza kwa kufagia soko na kuzikana, wakachukua mkopo wakagawana, marejesho yakawashinda, leo hawasalimiani. Wenye nia ya biashara waunde kikundi chao pembeni, hiki cha mtaro kiacheni hivyo hivyo.

Kijana wa Ramani

Kutambuliwa hakujawahi kuletwa mlangoni, hata huko nyuma. Wakazi wa Tabata mwaka 1988 walienda Mahakama Kuu kuhusu dampo lililokuwa linawatesa na moshi, wakashinda. Hananasif pale Kinondoni miaka ya 90 wakazi wenyewe walishika makoleo wakajenga mitaro yao kwa kushirikiana na jiji na wafadhili, na wakalipwa kwa kazi hiyo. Hata sungusungu walianza wenyewe kule Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 80, sheria ikaja kuwatambua 1989.

Ninachotamani tungeiga ni kitu kinafanyika Seattle, Marekani, tangu 1988. Jiji lina mfuko, majirani wanaleta mradi wao mdogo, na jiji linatoa mchango kulinganisha na walichochangia wao, ila masaa ya kujitolea nayo yanahesabiwa kama mchango wa pesa. Yani yule mama mwenye ndoo, masaa yake yote yana thamani kwenye karatasi! Kwahiyo hata kama kwetu mfuko huo hamna, anzeni kuandika masaa. Daftari la mahudhurio, tarehe, watu wangapi, masaa mangapi, mita ngapi za mtaro, picha kabla na baada. Ukienda na daftari la miaka mitatu unaongea lugha nyingine kabisa.

Mzee wa Keko

Mimi natia neno moja, vijana msikilize. Mkitambuliwa mtaanza kuitwa. Leo njooni mpokee mgeni, kesho vaeni fulana hizi, keshokutwa mjaze viti kwenye mkutano wa fulani. Andikeni kwenye hiyo katiba kwamba kikundi hakina chama na hakivai fulana ya mtu, ili kiongozi wenu akibanwa awe na karatasi ya kuonyesha. Kwetu hatukuandika, tukagawanyika uchaguzi mmoja tu.

Mtendaji Mstaafu

Mzee kasema kweli, hilo liwe kifungu cha mwanzoni kabisa.

Mkazi wa Bondeni

Wakuu nashukuru mno, mzee wa Keko shikamoo na asante. Nimeenda jana kwa mtendaji wetu, nimekuta ni dada msikivu tu, amesema ajenda itaingia mkutano ujao ila tupeleke barua kabla ya ijumaa. Naandika usiku huu, nakala mbili. Mzee mmoja wa kikundi kumbe miaka yote alikuwa anaandika majina ya waliokuja nyuma ya kalenda zake za ukutani, amezihifadhi zote tatu, kesho naenda kukaa naye tuzihamishie kwenye daftari.

Jumamosi tunatoa tena lile tope. Safari hii hatuliachi pembeni, tumechanga tumekodi guta la kijana wa hapa hapa, litapiga trip tatu mpaka kwenye kontena la taka, tunaanzia kwa fundi cherehani hadi kalavati la pili. Kama kuna mwenye katiba ya kikundi kama chetu naomba aiweke hapa, kile kifungu cha fulana nitakiandika mwenyewe.