Re: Re: Fomu ya ukumbi imerudi kwa sababu ya dansi

Katibu:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi. Naomba msaada wa haraka. Yule mpiga gitaa wa blues wa shughuli yetu ya kuchangisha amekubali, W-9, ile fomu ya kodi ya Marekani, ameshajaza, COI, yaani cheti cha bima, ninacho. Atapiga kwa muda wa saa moja na nusu, kisha viti vitolewe watu wacheze hadi saa sita. Leo fomu imerudi kutoka jijini. Kisanduku cha dansi nilichowekea tiki wamekizungushia wino mwekundu, pembeni wameandika neno moja tu: mchoro. Mchoro si niliupeleka, wenye viti 180? Sasa nijaze fomu upya au niambatanishe karatasi tu? Zimebaki siku 12.

Wa New York:
Marahaba. Ungeuliza kabla ya kuweka tiki, mwanangu. Huku kuna Cabaret Law, bila leseni ya dansi mtu hatikisi hata bega. Sisi huandika "onyesho" tunanyamaza.

Dada wa Minnesota:
Mzee, kwa heshima zote, sheria hiyo ya 1926 ilifutwa 2017. Tusiwatishe watu kwa sheria iliyokwisha kuzikwa. Halafu Katibu hakusema yuko New York.

Wa New York:
Imefutwa, sawa. Aliyetunyima ukumbi 2019 labda hakualikwa mazishini.

Mweka hazina mstaafu:
Jamani, hiyo ni hesabu ya zimamoto. Majiji mengi yanafuata IBC, kanuni za ujenzi: viti bila meza, futi 7 za mraba kwa mtu, meza na viti, 15, watu wa kusimama, 5. Mchoro wa viti 180 hauwaelezi kitu kuhusu watu wanaocheza. Na vile viti vikitolewa vinakwenda wapi? Sisi tulivirundika mbele ya mlango wa dharura. Zimamoto akaingia na tochi katikati ya wimbo, tukaanza kuhamisha viti kimoja kimoja. Mpigaji wala hakuacha. Alishusha sauti, akawa anapiga kwa kufuata hatua zetu, kiti kikigonga sakafu naye anagonga uzi. Mpaka leo watu wanadhani tulipanga.

Chicago Kusini:
ASCAP na BMI, wale wakusanyaji wa malipo ya haki za nyimbo, mmelipa?

Katibu:
Anapiga za zamani, za watunzi wa blues akina W.C. Handy. Nilidhani hazina mwenyewe.

Chicago Kusini:
"St. Louis Blues" ya 1914 iko huru, ndiyo. Atapiga hiyo moja saa nzima na nusu? Leseni ya ASCAP haimalizi ya BMI, na anayefuatwa ni mwenye shughuli au mwenye ukumbi, si mpigaji. Na hao jijini wanatenganishaje blues na dansi? Kwenye juke joint, vile vilabu vya blues vya Mississippi, watu walikuwa wanacheza slow drag, dansi ya polepole ya wawili wawili, hakuna aliyekuja kukaa amekunja nne. Mwanablues Muddy Waters alihamia huku 1943, akashika gitaa la umeme kwa sababu kwenye vilabu kelele za watu zilimeza gitaa la kawaida. Sasa eti onyesho kwanza, dansi baadaye, kwa kibali!

Dada wa Minnesota:
Umenikumbusha nyumbani. Gitaa likianza tu, viti vinajisogeza vyenyewe. Nani aliuliza mchoro?

Mweka hazina mstaafu:
Nyumbani vibali vilikuwepo, dada. Aliyehangaika navyo ni mwenye ukumbi, wewe ulikuja na viatu tu.

Dada wa Minnesota:
Viatu na kiingilio. Usinisingizie.

Katibu:
Nawashukuru wote. Lakini fomu: upya, au karatasi?

Wa New York:
Mimi ningefuta tiki.

Mweka hazina mstaafu:
USIFUTE TIKI.

Mgeni wa orodha:
Habarini, ndiyo kwanza nimejiunga. Watoto wanaruhusiwa? Nahitaji nafasi nne, karibu na gitaa ikiwezekana.